Tusiwasahau Waliotutangulia: Bibi Titi Mohamed, kutoka ngomani hadi bungeni



Katika toleo lililopita tuliahidi kuendelea na maelezo ya mirathi. Twaomba radhi kwa kuyaahirisha, kwani pametokea jambo ambalo tumeona si vyema lipite bila ya kulizungumza.

Jambo lenyewe ni hili. Katika darasa la Jumamosi, baada ya watoto kumaliza kusoma, binti mmoja wa miaka kumi na mitatu aliinua mkono akauliza: "Ustadhi, shuleni tumeambiwa kila mmoja aandike habari za mwanamke wa kwao aliyewahi kuwa mbunge. Je, kwetu sisi, Waislamu wa pwani, yupo?" Ukumbi ulinyamaza. Akina mama waliokuwa nyuma wakatazamana. Baadaye mzee mmoja akasema, "Yupo, mwanangu. Bibi Titi." Tulipowauliza vijana kama wamepata kulisikia jina hilo, wawili wakajibu kuwa ndiyo, ni barabara ya Dar es Salaam.

Nao hawakukosea. Barabara hiyo ipo, nayo hupitwa na maelfu ya watu kila siku. Lakini barabara haipewi jina bure, na mtu aliyebaki kuwa kibao cha njia tu katika fikira za watoto wake bila shaka amedhulumiwa kidogo. Kwa hiyo mwezi huu twamweleza mama huyu, kwa kadiri ya nafasi yetu, ili binti yetu apate la kuandika, nasi wazazi tupate la kuzingatia.

Bibi Titi Mohamed alizaliwa Dar es Salaam mwaka 1926, wakati Tanganyika ikiwa chini ya utawala wa Uingereza kwa dhamana ya Shirikisho la Mataifa. Nyumba aliyozaliwa ilikuwa ya Waislamu wa kawaida. Baba yake alikuwa mfanyabiashara, na mama yake alikuwa mkulima. Baba alitaka binti yake asome Kurani, lakini shule ya serikali aliiogopa. Hofu yake ilikuwa kwamba huko mtoto angepotezewa dini yake. Alipofariki, mama ndiye aliyeamua kumpeleka binti shule, naye akasoma mpaka darasa la nne. Alipobaleghe aliwekwa ndani kama ilivyokuwa desturi, kisha akaozwa akiwa bado mdogo sana.

Hapa yafaa tutue kidogo. Ni wangapi miongoni mwetu, katika miji hii tunayoishi, waliowahi kusimama nje ya lango la shule wakiwa na hofu ileile ya mzee Mohamed? Hatuisemi hofu hiyo kwa dharau, maana yule mzee hakuwa mjinga. Alikuwa akiwaona watu waliotoka katika shule za wamisheni wakiwa wamebadili majina na dini zao. Lakini mama naye aliona jambo jingine, kwamba binti asiyejua kusoma atasomewa barua zake na watu wengine maisha yake yote. Kila mmoja wao alikuwa na haki yake, na binti huyo alichukua kutoka pande zote mbili. Dini yake hakuiacha hadi kufa kwake, na miaka minne ile ya shule ilimtosha kuingia mahali ambapo wengi wenye vyeti hawakuthubutu kuingia.

Kabla ya siasa, jina la Bibi Titi lilijulikana katika ngoma. Mjini Dar es Salaam, katika miaka ya 1940 na 1950, wanawake walikuwa na vikundi vyao vya ngoma, kila kimoja na viongozi wake, fedha zake na sare zake. Kikundi chake kiliitwa Bomba, naye alikuwa mwimbaji wake wa mbele. Baadhi ya wasomaji watasema: ngoma tena? Twawaomba wavute subira. Vikundi vile havikuwa vya kucheza tu. Humo wanawake walisaidiana katika harusi na misiba, walichangishana fedha, na walijifunza kuendesha mkutano, kutunza siri na kumtii kiongozi waliyemchagua wenyewe. Mwanamke aliyeweza kuongoza kikundi kama hicho alikuwa tayari na ujuzi wa siasa, ila hapakuwa na mtu aliyeuita kwa jina hilo.

Chama cha TANU kiliundwa tarehe 7 Julai 1954. Mwaka uliofuata alifika Dar es Salaam mgeni kutoka chama cha Labour cha Uingereza, jina lake John Hatch. Alipoonana na viongozi wa TANU aliwauliza, pamoja na mengine, kama chama chao kina wanawake. Wakamjibu kuwa wapo. Mgeni akataka kuwaona. Hapo ndipo viongozi walipopatwa na fedheha, kwa sababu wanawake wa kuwaonyesha hawakuwapo, na hata wake zao wenyewe walikuwa wamebaki majumbani. Ndipo alipotafutwa Bibi Titi. Yeye na mumewe walikuwa wamekwisha kukata kadi za chama mapema, zikiwa miongoni mwa kadi za mwanzo kabisa. Basi katika mwaka huo wa 1955 ikaanzishwa sehemu ya wanawake ya TANU, naye akaishika hatamu.

Alifanya nini? Alikwenda kule kule alikokujua. Aliwaendea viongozi wa vikundi vya ngoma, mmoja baada ya mwingine, akazungumza nao, nao wakawaleta watu wao. Hakuanza kwa kugonga milango ya watu asiowajua, bali alipita katika njia ambazo wanawake walikuwa wamezitengeneza wenyewe. Kufika Oktoba 1955 alikuwa amekwisha kuandikisha wanawake wapatao 5,000. Wasomaji na waikumbuke hesabu hiyo. Chama kilikuwa hakijatimiza mwaka mmoja na nusu, na kilikuwa kikiongozwa na wanaume waliosoma, akiwamo Mwalimu Julius Nyerere aliyeacha kazi ya ualimu Pugu mwaka huohuo wa 1955. Lakini umati uliojaa katika mikutano kwa sehemu kubwa uliletwa na mama wa darasa la nne.

Kuna sababu ambayo wanahistoria wameieleza vizuri, nayo ni ya kuzingatiwa. Serikali ya kikoloni iliwakataza watumishi wake kujiunga na siasa. Karani, mwalimu au mpimaji ardhi aliyekata kadi ya TANU alikuwa akihatarisha mshahara wake. Mama aliyeuza maandazi na vitumbua hakuwa na mwajiri wa kumfukuza. Wengi wa wanawake wale walikuwa Waislamu wa mjini, watu wazima, wengine waliokwisha kuachika, wenye vijisenti vyao walivyovichuma kwa mikono yao. Walikuwa na uhuru mdogo mfukoni kabla ya kupata Uhuru mkubwa wa nchi. Kwa hiyo waliweza kutoa michango, kuwapokea wageni wa chama, kutunza kadi na kupeleka habari pale ambapo waume na ndugu zao walilazimika kukaa kimya.

Bibi Titi alizunguka nchi nzima pamoja na Mwalimu na peke yake, akihutubia. Waliomsikia walisimulia juu ya sauti yake, na jinsi alivyojua kumsemesha mtu wa kawaida kwa Kiswahili kilichonyooka, bila ya maneno ya kujikweza. Kazi hiyo haikuwa bila ya gharama. Ndoa yake ilivunjika katika miaka ile ya harakati. Hatutaki kuwaficha wasomaji wetu jambo hili, kwa maana tunapowasifu watu wakubwa tuna tabia ya kuifuta bei waliyoilipa, kisha vijana wetu hudhani kuwa heshima huja bure.

Sasa twaingia katika habari za kura na Bunge. Mwaka 1958 serikali ya kikoloni iliitisha uchaguzi wa Baraza la Kutunga Sheria. Masharti yake yalikuwa magumu. Kila mpiga kura alilazimika kuchagua watu watatu kwa pamoja, Mwafrika, Mwasia na Mzungu. Na ili aruhusiwe kupiga kura, ilimlazimu awe na elimu ya darasa la nane, au kipato cha pauni 150 kwa mwaka, au cheo fulani kinachotambuliwa. Pimeni wenyewe, wapenzi wasomaji. Mama aliyewaandikisha maelfu alikuwa na darasa la nne, na wengi wa wanawake aliowaandikisha hawakuwa na elimu hiyo wala kipato hicho. Walikichangia chama, wakakipikia, wakakitangaza, kisha siku ya kura wakabaki nje wakitazama. TANU ilikutana Tabora mwezi Januari 1958 na kuamua, baada ya mabishano makali, kuingia katika uchaguzi huo pamoja na ubaya wake wote. Ikashinda. Katika uchaguzi huo wa kwanza aliingia barazani pia Bibi Sophia Mustafa, mwanamke wa Kiasia kutoka Arusha, aliyeungwa mkono na TANU, ambaye baadaye aliandika kitabu kuhusu siasa za Tanganyika za wakati ule.

Uhuru ulipatikana tarehe 9 Desemba 1961. Bibi Titi akawa Mbunge, na akawa waziri mdogo aliyeshughulikia mambo ya wanawake na ustawi wa jamii. Mwaka 1962 vyama vya wanawake viliunganishwa kuwa Umoja wa Wanawake wa Tanganyika, UWT, naye akawa mwenyekiti wake wa kwanza. Bunge siku hizo lilikutana katika Ukumbi wa Karimjee, Dar es Salaam. Katika ukumbi huo baraza la kikoloni lilikuwa limejadili mambo yake kwa Kiingereza. Baada ya Uhuru Kiswahili nacho kikapewa nafasi, na mtu aliyejifunza kusema na watu katika viwanja na vibaraza akaweza kukaa mahali ambapo sheria hutungwa.

Tungependa binti yetu alizingatie jambo moja hapa. Katika Bunge la Uingereza, nchi hii yenye bunge la karne nyingi, wanawake Waislamu walichaguliwa kwa mara ya kwanza mwaka 2010, wakawa watatu kwa pamoja. Bibi Titi alikuwa amekwisha kuwa Mbunge na waziri mdogo zaidi ya miaka arobaini kabla ya hapo. Kwa hiyo mwalimu wake wa shule akimwuliza kama mambo haya ni mageni kwa watu wa kwao, ana jibu, tena ni jibu lenye tarehe.

Lakini habari za mtu haziishi kwenye sifa. Mwaka 1965 ulifanyika uchaguzi wa kwanza chini ya mfumo wa chama kimoja. Katika majimbo mengi walisimama watu wawili wa chama kilekile, mmoja akapewa alama ya jembe na wa pili alama ya nyumba. Walizunguka pamoja katika mikutano iliyoandaliwa na chama, na hawakuruhusiwa kutumia ukabila wala dini kujitafutia kura. Wengi walidhani kuwa majina makubwa yangepita bila ya taabu. Haikuwa hivyo. Paul Bomani, aliyekuwa Waziri wa Fedha, alishindwa. Na Bibi Titi naye akashindwa katika jimbo la Rufiji.

Twaweza kulitazama jambo hilo kwa macho mawili. Jicho la kwanza lasikitika, kwa kuwa mtu aliyewaamsha wanawake wa nchi nzima alikataliwa na wapiga kura wa jimbo moja. Jicho la pili laona kuwa huo ndio Uhuru wenyewe aliouhubiri. Mkulima wa Rufiji, ambaye mwaka 1958 asingeruhusiwa hata kukikaribia kituo cha kura, mwaka 1965 alikuwa na uwezo wa kumwambia kiongozi mkubwa: asante, mwaka huu tumemchagua mwingine. Ubunge ni amana, nayo amana hurejeshwa kwa mwenyewe anapoitaka. Yeye alishindwa kwa kura, akaondoka, na kazi ya chama akaendelea nayo.

Kilichomtoa katika uongozi kilikuja baadaye, nacho kinatugusa sisi tulio ugenini kuliko wengine. Mwezi Februari 1967 lilitangazwa Azimio la Arusha. Pamoja na mambo yake ya usawa na kujitegemea, Azimio liliweka miiko ya uongozi. Kiongozi hakuruhusiwa kuwa na hisa katika kampuni, wala kuwa mkurugenzi wa kampuni ya kibepari, wala kupokea mishahara miwili, wala kuwa na nyumba ya kupangisha. Bibi Titi alikuwa na nyumba za kupangisha. Hakuukubali mwiko huo, naye akajiuzulu uongozi.

Wapo waliomlaumu, na wapo waliomwelewa. Wenye kumlaumu walisema kuwa kiongozi wa wanyonge hawi mwenye nyumba, maana kodi ni jasho la mtu mwingine. Hoja hiyo si ya kubezwa. Nchi ilikuwa changa, na Mwalimu aliona hatari ya viongozi kugeuka tabaka la matajiri juu ya migongo ya wakulima, na wengi wetu tumeishi vya kutosha kuona kuwa hofu yake ilikuwa na msingi. Wenye kumwelewa nao walisema: huyu ni mwanamke asiyekuwa na shahada, aliyekwisha kupoteza ndoa kwa ajili ya chama na kupoteza ubunge kwa kura. Akizeeka, ataegemea wapi? Kwa mwanamke wa pwani nyumba ndiyo bima yake na ndiyo pensheni yake, nayo ni ukuta ambao hakuna mume awezaye kumtolea talaka.

Twawauliza wasomaji wetu, kila mmoja ajibu moyoni mwake. Ni nani kati yetu, anayefanya kazi za usiku katika nchi hii ya baridi, asiyetuma fedha nyumbani kujenga vyumba viwili vitatu vya kupangisha, Temeke au Kisauni au Bububu? Akiba haiozi, twasema. Na baadhi ya wazee wetu wanaikumbuka sheria ya Aprili 1971 iliyotaifisha majumba ya kupangisha yenye thamani ya zaidi ya shilingi 100,000, na jinsi familia zilivyoamka asubuhi zikiwa hazina nyumba zilizojengwa na babu. Hatusemi nani alikuwa na haki. Twasema tu kuwa huyu mama alitakiwa achague baina ya cheo na nyumba, naye akachagua nyumba hadharani, mchana. Hakuziandikisha nyumba zake kwa jina la mpwawe ili abaki na vyote viwili. Wangapi wamefanya vile wasijulikane?

Baada ya hapo likamfika kubwa zaidi. Mwezi Oktoba 1969 alikamatwa, pamoja na Michael Kamaliza aliyekuwa waziri wa zamani, na wengine wakiwamo maofisa wa jeshi, wakashitakiwa kwa uhaini, kwamba walikula njama za kuipindua serikali. Aliyetajwa kuwa kinara wa njama hizo ni Oscar Kambona, aliyekuwa tayari ameikimbia nchi tangu 1967 na kukaa London. Kesi ilianza mwaka 1970 mbele ya Jaji Mkuu Philip Telford Georges, mzaliwa wa visiwa vya Karibi. Shahidi mkubwa wa serikali alikuwa Potlako Leballo, kiongozi wa wapigania uhuru wa Afrika Kusini, aliyeeleza kuwa aliingia katika njama hizo kwa kujifanya tu. Bibi Titi alikana mashtaka. Mahakama ilimtia hatiani mwaka 1971, akahukumiwa kifungo cha maisha. Mwaka 1972 Rais Nyerere alimpa msamaha, akatoka.

Sisi hatukukaa katika mahakama ile, wala safu hii si mahali pa kuisikiliza kesi upya. Hukumu ilitolewa na jaji anayeheshimika, na mshitakiwa alisema hakutenda. Yote mawili yamo katika kumbukumbu, nasi twayaacha yakae pamoja. Lakini ni haki kusema kuwa yule aliyemtia gerezani ndiye aliyesafiri naye katika vumbi la Tanganyika wakitafuta Uhuru, na ndiye aliyemtoa. Siasa ina namna yake ya kuwatenganisha watu waliokula sahani moja.

Alipotoka gerezani hakupokewa kwa shangwe. Aliishi kimya kwa miaka mingi, na jina lake likapungua katika vitabu vya shule na katika hotuba za sherehe. Wako waliokuwa wakimwamkia zamani kwa kuinama, ambao sasa walivuka upande wa pili wa njia. Mwenye kuwahi kuanguka katika maisha anaijua hali hiyo, wala haihitaji kuelezwa.

Kisha ukafika mwaka 1991, nao ulileta mambo mawili. La kwanza, chama tawala kilikutana Zanzibar na kulegeza ile miiko ya uongozi, na kiongozi akaruhusiwa tena kuwa na hisa na kupangisha nyumba. Yaani lile alilolikataa Bibi Titi mwaka 1967, na kuacha uongozi kwa ajili yake, chama chenyewe kiliacha kulidai. La pili, nchi ilipoadhimisha miaka 30 ya Uhuru, gazeti la chama lilimtaja Bibi Titi kuwa shujaa wa kupigania Uhuru. Kutoka hapo akaanza kurudishiwa heshima yake, na barabara ya mjini ikapewa jina lake. Alifariki dunia tarehe 5 Novemba 2000 hospitalini Johannesburg, Afrika Kusini, akiwa na umri wa miaka 74. Innaa lillahi wa innaa ilayhi raajiun. Twamwombea Mwenyezi Mungu amsamehe makosa yake na ailaze roho yake mahali pema.

Wapenzi wasomaji, katika habari hii twaona mambo matatu ambayo hatuna budi kuyachukua nyumbani.

La kwanza ni kwa wazazi. Wako miongoni mwetu wanaouliza kama yafaa mwanamke wa Kiislamu kusimama mbele ya watu na kuwasemea. Sisi si mamufti, na mwenye suala la fikihi na alipeleke kwa wenye elimu yake. Lakini twakumbusha kuwa Bibi Khadija, Mwenyezi Mungu amridhie, alikuwa mfanyabiashara aliyewaajiri wanaume, na kuwa Bibi Aisha, Mwenyezi Mungu amridhie, alikuwa mwalimu ambaye masahaba walimwendea kumwuliza. Bibi Titi hakuacha mtandio wake ili awe Mbunge. Na tunapoandika haya, Rais wa Tanzania tangu Machi 2021 ni mama wa Kiislamu kutoka Zanzibar, Bi. Samia Suluhu Hassan, ambaye naye alipata kuwa mbunge wa Makunduchi. Mtu yu huru kupenda au kutopenda siasa za viongozi hawa. Lakini hawezi kumwambia binti yake kuwa mlango huo haukuwahi kufunguliwa.

La pili ni kwa akina mama, hasa wale wanaosema, "Sisi hatukusoma, tutasema nini?" Bibi Titi alianza na watu aliocheza nao ngoma. Nanyi mna vikundi vyenu vya upatu, mna kamati zenu za misiba na za harusi, na mna simu zinazozunguka habari kabla ya jua kutua. Mama anayeweza kukusanya michango ya kusafirisha maiti hadi Mombasa kwa siku mbili, bila ya shilingi kupotea, ameshindwa nini kukaa katika bodi ya shule ya mwanawe? Kinachokosekana ni mtu wa kuwaambia kuwa hayo mnayoyafanya ni uongozi.

La tatu ni kwa sisi sote tulio Uingereza. Wengi hawajui kuwa raia wa nchi za Jumuiya ya Madola, zikiwamo Tanzania, Kenya na Uganda, akiwa na umri wa miaka 18 na kibali halali cha kuishi hapa, aweza kujiandikisha na kupiga kura katika uchaguzi wa Bunge na wa halmashauri, hata kama hajachukua uraia wa nchi hii. Tangu mwaka 2023, anayekwenda kituoni kupiga kura hudaiwa kitambulisho chenye picha, kwa hiyo kila mmoja na aangalie mapema anacho kipi. Tumekaa katika vikao vyetu tukilalamikia nyumba zenye unyevu, mabasi yaliyoondolewa na madarasa ya lugha yaliyofungwa. Lakini karatasi ya kujiandikisha ikija nyumbani huiweka chini ya rundo la matangazo ya vyakula. Asiyekuwapo na lake halipo. Wale akina mama wa mwaka 1958 walizuiliwa na sheria. Sisi tunazuiliwa na nini?

Kwa ajili hiyo, Jumamosi ya pili ya mwezi ujao, baada ya sala ya adhuhuri, ndugu wawili wa kamati watakaa katika chumba cha nyuma cha ukumbi kuwasaidia wanaotaka kujaza fomu hizo. Njooni na pasipoti zenu na anwani zenu kamili. Akina mama wana nafasi yao na dada wa kuwahudumia. Hatutamwambia mtu amchague nani, kwani hiyo ni siri yake na Mola wake.

Ama binti yetu aliyeuliza suala, tumempa picha ya nakala ya maneno haya. Tumemwomba akimaliza kuandika habari zake kwa Kiingereza, atusomee kwa Kiswahili mbele ya wazee. Amekubali, kwa sharti kuwa yule mzee aliyemjua Bibi Titi kwa jina akae mbele na kusahihisha tarehe.

Mwezi ujao, Inshaallah, tutarejea kwenye maelezo ya mirathi.

Wabillahi tawfiq.